Siku Odessa Alipoanguka Mlangoni pa Kanisa

214 Hazel Street,
Macon, Georgia.
Machi 9, 2019.

Mpendwa mwanangu Renita,

Hujambo, mama? Mumeo Terrell naye hajambo? Na yule bwana mdogo Jalen, bado anakataa samaki huko kisiwani Okinawa kwenye samaki wa kila aina? Mimi mama yako mdogo sijambo. Goti tu ndilo linanisumbua baridi ikiingia, lakini natembea. Huku miti ya cheri imeanza kutoa maua na mtaa mzima unapiga chafya.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi na simu zipo. Kwenye simu mama yako hukaa ubavuni mwangu akinikodolea macho, nawe una haraka ya kwenda kufundisha. Barua haikatizwi. Basi kaa chini uisome yote kabla hujampigia mtu.

Mama yako aliugua. Yu hai, anakula, anagombana na televisheni, kwa hiyo vuta pumzi. Lakini ule ulimi mzito uliousikia mwezi uliopita, akakwambia ni meno mapya, hayakuwa meno. Alipata kiharusi. Alinikataza nisikwambie, nami nimenyamaza mpaka nimeshindwa.

Ilikuwa Jumapili, kwaya tuko katikati ya wimbo. Unamjua mama yako na zamu yake ya kupokea watu mlangoni: glavu nyeupe, mkono mmoja nyuma ya mgongo, uso mkavu. Roho akishuka, wenzake wanaruka, wanalia, viatu vinawatoka, yeye kazi yake kuwaokotea viatu. Mama Hattie, yule mzee wetu wa kiti cha mbele, humtania kila mwaka, "Odessa, Roho akija kwako atabisha hodi, achoke, aende zake." Sasa siku hiyo tukamwona anayumba, anashika ukuta, puu, chini. Kanisa likalipuka kwa shangwe. Mpiga kinanda akaongeza mwendo. Wale akina mama wauguzi wa kanisa, wenye sare nyeupe na nusu yao hawajawahi kushika hata kipimajoto, wakamfunika miguu kwa kitambaa na kuanza kumpepea. Mama Hattie analia kwa furaha, "Mwacheni! Mwacheni jamani, leo Bwana kampata!"

Hata mimi huko juu kwenye jukwaa la kwaya nilikuwa napiga makofi, sikufichi. Kisha nikaangalia vizuri. Mtu aliyeshikwa na Roho hurusha mikono yote miwili. Mama yako alikuwa anakwaruza zulia kwa mkono wa kulia peke yake, na wa kushoto umelala ndani ya glavu kama si wake. Nilishuka zile ngazi na joho langu, goti nikalisahau.

"Zima hicho kinanda!" nikapiga kelele. "Hii ni presha! Mtu apige simu ya ambulensi!"

"Vernell, usimzuie Roho!" Mama Hattie akanikemea.

"Mama Hattie, kwa heshima zote, nipishe nimwone dada yangu."

Hospitalini nako kulikuwa na mtihani wake. Dada wa mapokezi alipomsikia mama yako anaburuta maneno, akaniuliza amekunywa nini. Mtu katoka ibadani, yuko ndani ya sare nyeupe! Nilihisi presha yangu nayo inapanda. Nikamwambia huyu hajaonja divai hata mezani pa Bwana, maana kwetu ni juisi ya zabibu. Nikasimama palepale kaunta nikawa narudia neno kiharusi kwa sauti yangu ya kwaya mpaka daktari akatoka.

Huyo daktari ni binti mweusi kama sisi, mdogo kuliko wewe, ana rasta fupi. Mama yako alipopata nafuu, binti akaja akakaa kando ya kitanda akamwuliza dawa zake za presha huwa anazinywaje hasa. Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Mama yako akaangalia dirishani, halafu akasema, "Mwanangu, mimi naendesha basi la shule. Kile kidonge kinanikimbiza chooni. Niwaache watoto wa watu barabarani nikatafute choo?" Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anameza Jumamosi tu! Hata Jumapili hamezi, kwa ajili ya kusimama mlangoni. Binti hakumcheka wala hakumgombeza, alimbadilishia dawa.

Mimi nilitoka nje nikalia. Bibi yako alikufa kwa presha hiyohiyo, na sisi mpaka tunamzika tulikuwa tunaita uchovu. Nawe ulinilalamikia juzijuzi kuhusu kichwa kukugonga, ukasema ni kazi. Nenda kapime, Renita, usinijibu kwamba ni kazi.

Sasa anakaa kwangu. Mkono umerudi kiasi, vifungo vya blauzi anafunga mwenyewe. Nyama ya nguruwe ya moshi nimeitoa kwenye mboga, naweka bawa la bata mzinga, na chumvi nimeificha. Siku ya kwanza alionja, akaweka uma chini. "Vernell, hizi mboga zimefiwa na nani?" Alikula lakini. Mazoezi ya bwawani ndiyo amegoma, anasema hakulipa kunyoosha nywele ili zikaharibiwe na klorini.

Hayo yote nayaweza. Kinachonitia hofu ni kingine. Jumanne iliyopita nilikuwa sebuleni naangalia televisheni, nikaona ukimya umezidi. Nikamkuta bafuni, ameanguka, amekaa sakafuni ameegemea beseni la kuogea. Mlango uko wazi, sebule ni hatua chache, na hakuniita. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Nilikuona umepumzika." Renita, nilimwinua kwa hasira na huruma. Dawa mpya anakunywa kila siku, namshukuru Mungu, lakini huyu mwanamke atakufa kimya kwa kuogopa kumsumbua mtu, nami sijui nimfanyeje.

Nilikuwa nimefika hapo nilipomsikia anakuja jikoni na fimbo yake. Nikataka kufunika karatasi, nikaona aibu, nikaiacha.

"Unamwandikia nani?"

"Mwanao."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia yote."

Nilijiandaa kwa vita. Yeye akavuta kiti akakaa, akaiangalia karatasi. Halafu akasema, polepole, maana maneno bado yanamlemea, "Mwambie usiku naogopa kulala." Nikadhani amemaliza. "Mwambie aje akae na mimi kidogo."

Mimi ni mdogo wake tangu nizaliwe, na sijawahi kumsikia akimwomba mtu kitu. Nimeyaandika kama alivyoyatamka.

Msalimie sana Terrell, umbusu Jalen, umwambie samaki ni dawa. Mama Hattie anakusalimu na anakuombea. Mungu awafunike, awape afya nyumba nzima.

Ni mimi mama yako mdogo, nikupendaye kama niliyekuzaa,

Vernell

Mama yako ameketi hapa anangoja nifunge bahasha. Njoo, mwanangu.