Bidoni ya Mawese na Namba ya Wajane wa Gatete

Mpendwa Shangazi Zaina,

Leo nimepita Gatete. Mlango wa chumba cha chama chenu bado una zile tarakimu ulizozipaka rangi nyeupe. Nimegeuza uso kama mwizi.

Unakumbuka ulivyoikariri namba yenu ya intaneti, ile ya kuifikia kompyuta ya chama? Ulikuwa unachemsha mawese huku unaitamka yote, ukinicheka mimi fundi wa mtandao niliyehitaji karatasi. Vita vilikuwa vimewatawanya watu hadi kambi za ng'ambo ya ziwa, binti yako Asha akiwa miongoni mwao, na kila aliyevuka aliondoka na namba hiyo kichwani. Kompyuta yenu kuukuu ndiyo iliyopokea habari za waliokuwa bado hai.

Kisha wakubwa wa mtandao waliotugawia namba wakasema zimekuwa adimu, kila moja ilipiwe kila mwaka. Mkurugenzi wa kituo chetu cha intaneti aliniachia nipange bei. Nikapanga moja kwa wote, kampuni ya wanunuzi wa samaki na chama chenu cha wajane. Nilijisifu kwamba sikumpendelea hata shangazi yangu.

Ukaja ofisini na bidoni, dumu zima la mawese. "Mutoto wangu, faranga hatuna. Hii iko ya namba yetu."

Nikapokea, nikasema murakoze, asante. Nami najua kwetu mtu akishapokea, amekubali na maneno yamekwisha. Ulirudi ukawaambia wenzako kwamba namba imebaki. Mimi nikajidanganya kuwa ile ilikuwa zawadi ya nyumbani tu, na siku ya kulipa ilipopita nikawapa wanunuzi wa samaki namba yenu. Sikuja kukuambia. Niliona haya.

Uliendelea kuiwasha kompyuta kila siku ya soko, ukidhani Asha amekaa kimya. Ulifariki ukidhani hivyo.

Asha amerudi, Shangazi. Kumbe aliandika mara nyingi kwa namba ileile, na barua zake zikapotelea kwa watu wa samaki. Tukiwa kaburini kwako aliniuliza, "Mama alikuwa amenikasirikia?"

Nikamjibu kwamba mtandao ulikuwa mbaya.

Nina aibu, na sitaki tena kuificha. Barua hii nitampelekea yeye kwanza, kwa mkono wangu, kabla haijasomwa na mtu mwingine. Akiniuliza mawese yako yalikwenda wapi, nitamwambia nyumbani kwangu tuliyapikia maharage mpaka bidoni ikakauka, na yalikuwa matamu.

Lala salama, Shangazi.

Mtoto wa kaka yako