Bunduki Inayokuachia Mkono

Kambini, ng'ambo ya Mitundu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa nje kwenye kigoda chako, umeshakunywa uji, na bega limetulia. Mama naye shikamoo yake naiweka hapahapa, asije akasema nimemsahau. Mimi ni mzima kabisa, nakula vizuri, nalala vizuri, mbung'o tu ndio wananinyanyasa. Na wewe wifi Mariamu, najua ndiwe unayemsomea mzee. Soma polepole, na usiruke mahali nitakapomsema.

Juzi lori la kambi lilikwenda Mitundu kuchukua unga na dizeli, nami nikapanda, maana huku porini simu haishiki. Nikampigia kaka Juma. Baada ya salamu akaniambia kwamba tangu gobore lako lirudishwe kituo cha polisi, hujakanyaga shamba letu la ukingoni mwa msitu. Unafika zizini, unasimama, unageuka. Alipokuuliza kulikoni, ukamjibu, "Mwanaume anakwendaje porini mikono mitupu?" Sasa anasema kama mwenyewe huendi, mvua zikinyesha atawapa watu wengine walime. Baba, iliniuma sana. Shamba lile ulilifyeka kwa mikono yako, na ndilo lililotulea sisi sote.

Najua gobore ulilirudisha kwa hiari, baada ya kuanguka nalo pale mlimani ukaumia bega. Najua pia hiari yenyewe Juma aliisukuma kidogo. Sitaki kuamua ugomvi wenu nikiwa huku mbali. Leo nataka tuongee habari za bunduki, kwa sababu nakujua, ukisikia neno bunduki utakaa vizuri usikilize.

Kazi yangu ya kubeba bunduki za wageni bado naipenda. Nilianza na ile kubwa ya nyati. Baba, ile si bunduki, ile ni mchi wa kutwangia! Unaibeba begani tangu asubuhi, jioni bega limevimba, ukilala huwezi kugeukia upande huo. Msimu huu wamenipa ndogo ya kambi, ya wanyama wa kawaida, fupi, kitako chake cha mti wenye rangi ya asali. Utacheka. Utasema hicho ni kijiti cha kuchungia mbuzi. Cheka tu, lakini nisikilize.

Ukiishika pale mbele ya kifyatulio, inatulia sawasawa mkononi, mbele haizidi nyuma na nyuma haizidi mbele. Unatembea nayo mpaka jua la utosi, na kuna wakati unasahau kama umebeba kitu. Mtutu wake mfupi haukamatwi na vichaka, na huku vichaka vimesokotana kweli. Gobore lako lingekwama kila mahali, nawe ungetukana mpaka wanyama wote wakimbilie Mbeya. Haina kona za kuchoma mbavu. Na ninachokipenda zaidi, naibeba kwa mkono mmoja. Ule mwingine unabaki huru, namfukuza mbung'o, nasukuma tawi, najifuta jasho, nikiona furu zimeiva nachuma.

Sisemi kila nyepesi ni nzuri. Mgeni mmoja alikuja na ya kitako cha plastiki, nyepesi kupita kiasi, ukiishika unadhani wamesahau kuijaza kitu ndani. Ukilenga umetoka kupanda mlima, inacheza na pumzi yako, na ikilia inapiga teke kama punda. Jamaa alirudi kwao na shavu la bluu. Hii yangu ina uzito wa kutosha kutulia begani, basi.

Wifi, hapa usicheke sana ukashindwa kusoma. Mwanzoni nilipopewa hii ndogo tulifika mahali pa kuvuka maji. Nikatoa risasi zote, nikasokota kanga ikawa ngata, nikaiweka bunduki kichwani kama tunavyobeba kuni nyumbani, nikavuka zangu taratibu. Bwana Elia, mwindaji wetu mkuu, mtu wa Manyoni, akageuka akanikodolea macho.

"We Mwanaidi! Hiyo ni bunduki au kuni?"

"Haina risasi, bosi. Nimezitoa."

"Hata kama! Shusha!"

Mzee Masanja anayefuata nyayo alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Tangu hapo kambi nzima wananiita Mama Kuni, na mimi naitika.

Sasa, Baba, nifike kwenye jambo lenyewe. Mwezi huu tumempokea mgeni mzee, umri wake kama wako, kwao alikuwa daktari wa mifugo. Jina lake linatushinda, tukamwita Babu, akafurahi mno. Alikuja na bunduki yake nyepesi, karibu pacha ya hii yangu, imechakaa vizuri kwa kushikwa. Kwa kawaida mgeni tunambebea, tunampa mkononi mnyama akiwa karibu. Lakini kambi ina desturi yake. Siku mgeni akipata mnyama mkubwa, kuingia kambini lazima ashike bunduki mwenyewe, atangulie mbele, na watu wa jikoni wanamlaki kwa madebe na nyimbo. Babu aliisubiri siku hiyo kama bwana harusi. Kila jioni aliniuliza wataimba nini, na yeye asimame wapi.

Siku ikafika. Alimpata palahala dume, risasi moja tu, safi. Tukapakia. Gari likazama kwenye mchanga wa mto, nyama na kila kitu. Masanja na wenzake wakabaki kuchimba, sisi watatu tukaenda kwa miguu kwa kuwa kambi haikuwa mbali. Bwana Elia mbele, Babu katikati, mimi nyuma na bunduki ya Babu. Kwenye mteremko wa mawe magoti ya mzee yakaanza kumkataa. Nikahamishia bunduki mkono wa kushoto, nikampa wa kulia.

Akasema, "Hapana, hapana. Mimi zima."

"Mzima gani, Babu, nawe unayumba kama ndama wa jana?"

Sijui kama alielewa, lakini mkono aliushika. Kwa mkono mwingine aliegemea fimbo yake. Tulishuka hivyo hivyo, pole pole, mpaka tukasikia madebe. Jikoni walishapata habari kwenye redio ya upepo. Bwana Elia akasimama pembeni, akanifanyia ishara nimpe mgeni bunduki yake. Nikamnyooshea.

Babu akaitazama bunduki. Akayatazama mawe yaliyobaki mpaka kambini. Kuichukua ilikuwa lazima aniachie mkono, maana mkono wake wa pili ulikuwa kwenye fimbo. Nilimwonea huruma jamani, maana najua alivyoitamani siku ile. Akasema, "Beba wewe. Mimi shika hii," akauinua mkono wangu juu kidogo.

Basi tukaingia hivyo, bunduki kwangu kushoto, mzee kwangu kulia. Nikasema moyoni, leo watamcheka. Madebe yakanyamaza kidogo kweli. Halafu Mama Rehema, mpishi wetu, akalipiga lake kwa nguvu zaidi, wimbo ukapanda, wakatuzunguka. Babu alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Hakuna aliyeuliza kwa nini hajashika bunduki.

Nilipokwenda kunawa uso nikakukumbuka wewe, nikalia kidogo. Tulipokuwa tunakwenda shambani nikiwa mdogo, ulitangulia na gobore umelikumbatia kwa mikono miwili, nami nyuma nimeshika pindo la koti lako la kaki. Nililipenda pindo lile, usidhani nalalamika. Lakini mkono wako sikuwahi kuushika njia ile, kwa sababu haukuwa na nafasi.

Mvua zikianza kambi inafungwa na mimi nakuja. Wifi, hapa soma kwa sauti kubwa Juma asikie: shamba asimpe mtu! Nguruwe pori tutawatimua kwa debe. Debe nitalibeba kichwani, kazi hiyo najua, siitwi Mama Kuni bure.

Nisalimie shangazi, mwambie dawa ya mgongo nimempatia. Nisalimie na Mzee Saidi jirani, mwambie mizinga yake ya nyuki aifunge vizuri, nakuja na hamu ya asali. Wanangu wote wa kaka wabusu, hata yule asiyependa kunawa. Mama mwambie namletea kitenge, rangi nimechagua mwenyewe, asiulize.

Na wewe Baba, uliuliza mwanaume anakwendaje porini mikono mitupu. Haitakuwa mitupu. Mmoja utashika fimbo yako, na ule mwingine nitaushika mimi.

Ni mimi binti yako, nikiwa na afya na hamu ya nyumbani,

Mwanaidi