Ngazi Ishirini na Mbili

3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi sijambo. Ngazi zangu ishirini na mbili bado nazipanda kwa mkupuo mmoja mpaka chumbani, mkoba wa spana begani.

Unasema mmepewa kazi ya kuchagua amplifaya ya setilaiti, ile inayoipa sauti nguvu kabla ya kuirudisha duniani. Mimi nimekaa miaka thelathini na moja kituo cha matangazo nikilea taa za kioo, kwa hiyo kura yangu unaijua: bomba, ndugu wa hizo taa zangu. Hizo transista zenu siziamini. Nieleze mnavyozipima. Andika, usipige simu. Mngurumo wa mitambo ulishakula masikio yangu.

Na utakuja lini?

Baba yako

11 Machi

Baba, shikamoo.

Natumai u mzima kama mimi. Samahani, kazi zimenifika shingoni.

Kura yako nimeipokea, ila usijisifu mapema. Bomba kweli lina nguvu, na halili umeme ovyo: ukilipa wati mia, sitini na zaidi zinatoka zikiwa mawimbi. Transista zinatoa kama nusu ya hizo, zinazobaki ni joto, na huko juu hakuna upepo wa kupoza kitu. Lakini ni nyepesi, hazitaki maelfu ya volti, na moja ikifa wenzake wanaendelea na kazi. Bomba likifa limekufa.

Ripoti ni mwezi wa sita. Nikiimaliza tu, naja.

Mwanao

16 Machi

Marahaba, mwanangu.

Mimi sijambo, nashukuru. Ngazi nazipanda vizuri, napumzika mara moja tu, pale penye dirisha.

"Likifa limekufa"? Nani kakufundisha hayo? Bomba lina adabu zake, hufa likiaga. Umesahau lile daftari? Ulikuwa na miaka tisa, nikakukalisha kwenye stuli mbele ya mita, kila asubuhi unasoma mshale na kuandika. Wiki nzima hauchezi, halafu ukaanza kushuka, kidogo, kidogo. Ukaniambia, "Baba, taa ya tatu inaumwa." Tukaibadilisha kabla redio haijanyamaza. Nilitamba mtaa mzima siku ile.

Fundi haiulizi taa kama inaumwa. Anasoma mshale.

Baba yako

30 Mei

Baba, shikamoo.

Natumai hujambo, mimi mzima.

Daftari lako limenifungua macho. Nimeomba vipimo vya mabomba yaliyokwisha kurushwa angani, miaka kumi na tano ya namba, na ni kama ulivyosema: mengi mshale wake unashuka polepole, unaweza kujipanga mapema. Bosi wangu, mama mkali kama pilipili, amesogeza ripoti mpaka Agosti ili niyachambue yote.

Najua niliahidi. Nivumilie kidogo tu.

Mwanao

4 Juni

Marahaba, mwanangu.

Mimi sijambo. Ngazi napumzika mara tatu. Fundi cherehani wa chini ameniwekea kiti pale penye dirisha, sasa wapangaji wananiita mlinzi. Mkoba wa spana nimeuacha kwake.

Kazi kwanza, maliza vizuri. Haraka haraka haina baraka. Ila sikufichi, nina hamu na wewe.

Baba yako

19 Agosti

Baba, shikamoo.

Nilitaka barua hii iwe ya kushangilia. Bomba limeshinda. Bosi akaniuliza nilijifunza wapi kufuatilia mshale, nikazitoa barua zako nimsomee. Nikasoma kuanzia juu, pamoja na salamu.

Huwa naziruka salamu, Baba. Natafuta ulichosema kuhusu bomba, nakuwa nimemaliza. Ngazi kwa mkupuo mmoja. Mara moja. Mara tatu. Nikashindwa kuendelea kusoma mbele ya watu.

Tangu Juni hujaandika, na mimi nilishukuru kwamba unaniacha nifanye kazi. Naona aibu kukuandikia hilo. Alhamisi naondoka. Tafadhali usipande ngazi. Kaa chini kwa fundi cherehani, nitakukuta hapo hapo.

Mwanao

2 Septemba

Baba,

Ulifariki Alhamisi asubuhi, mimi nikiwa njiani. Jumamosi tulikuzika. Barua yangu ililetwa jana, nimeipokea mwenyewe mlangoni.

Fundi cherehani amenipa mkoba wa spana. Ndani nimekuta lile daftari. Mwandiko wangu wa miaka tisa, taa ya tatu, mshale unashuka. Ukigeuza ukurasa, mwandiko wako: tarehe, na mara ulizopumzika. Nne. Sita. Sita. Tisa. Siku ya mwisho hukuandika namba, umeandika, "Leo nimelala chini kwa fundi." Na pembeni ya tarehe 4 Juni, kwa penseli: "Nimemwandikia. Sijamwambia naumwa. Huyu anajua kusoma mshale."

Nilijua kuusoma, Baba. Nilisoma mabomba ya watu wote nikaliacha la nyumbani. Ungeniambia tu, ungenikaripia, ningekuja usiku huo huo. Nimekukasirikia, halafu nimelia mpaka fundi cherehani akasimamisha cherehani yake.

Leo nimepanda ngazi zako. Ni ishirini na mbili kweli. Nilikaa kwenye kiti chako pale dirishani muda mrefu, kisha nikaja hapa mezani kukuandikia. Nimeona hapo juu nimeanza bila salamu, tena leo.

Shikamoo, Baba.

Mwanao