Njuga Langoni Kwetu

Misikhu, 16 Juni 2024

Kwa dada Agneta,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi ni wazima, ila Mama bado goti linamsumbua, na ile ng'ombe nyeusi imekataa kukamuliwa na mtu yeyote isipokuwa mimi. Wewe je, na hiyo baridi ya Kitale? Saluni yenu ya Matisi inaendeleaje?

Hii barua nampa Bilha wa vitunguu akija huko sokoni, maana simu ni ya Baba, na Baba humweka kila mtu kwa spika. Soma ukiwa peke yako. Dada, kuna kijana. Usicheke! Anaitwa Derrick. Ametoka Kapsokwony, amehamia kwa baba yake mdogo hapa karibu, na kwa kwaya ya shule anaimba sauti ya tatu. Siku ya mvua alinifunika na sweta yake, akanyeshewa yeye. Tulitembea hivyo mpaka kwa mashine ya kusaga, na nikafika nyumbani nimesahau unga. Mama alinigombeza, mimi natabasamu tu, akauliza kama nina malaria.

Hivi ndivyo huwa? Chakula hakishuki. Wewe una miaka kumi na tisa, si unajua? Nijibu haraka, na usimwambie mtu.

Mdogo wako,
Nabwile

Kitale, 23 Juni 2024

Kwa Nabwile, mdogo wangu,

Salamu zako zimefika, hata na harufu ya vitunguu vya Bilha. Mimi mzima, ni vidole tu vinauma kwa kusuka. Mwambie Mama pole na goti.

Ati umesahau unga! Nimecheka mpaka mteja akadhani nacheka kichwa chake. Eh, hivyo ndivyo huwa. Chakula kitashuka, ngoja tu. Kupendana kwa sweta na macho hakuna ubaya, lakini una miaka kumi na tano, vitabu kwanza, na msijifiche kwa mahindi. Na kitu kingine, kabla moyo haujakimbia mbali: muulize ukoo. Wa baba yake na wa mama yake, yaani koo zote mbili. Unajua kwetu mtu wa damu ni ndugu, hata kama hamjawahi kuonana. Uliza sasa, wakati kuuliza bado ni rahisi.

Dada yako,
Agneta

Misikhu, 7 Julai 2024

Dada mpendwa,

Habari ya siku nyingi? Sisi wazima, goti limepoa.

Nimeuliza! Derrick ni wa ukoo wa Babuya, mbali kabisa na sisi. Wa mama yake haujui. Mama alikufa yeye akiwa bado ananyonya, akalelewa na nyanya mzaa baba huko mlimani, na huyo nyanya hapendi kabisa jina la marehemu litajwe. Sasa mimi nifukue kaburi? Si nusu ya jibu inatosha, bana.

Agosti hii anatahiriwa. Ameniambia nikienda kuimba, atasimama bila kupepesa jicho. Aki dada, nina furaha mpaka naogopa.

Mdogo wako,
Nabwile

Kitale, 28 Julai 2024

Nabwile,

U mzima? Leo salamu ni fupi, unisamehe. Kaa chini kwanza.

Jana nilimsuka mama mmoja wa Kapsokwony. Unajua mazungumzo ya saluni yanavyozunguka. Nikataja kijana wa kwaya aliyelelewa na nyanya. Akasema, huyo ni mtoto wa marehemu Linet, aliyeolewa kutoka Misikhu, binti ya mzee Wekoye. Nabwile, mzee Wekoye ni ndugu yake babu yetu! Kwa hiyo Linet alikuwa dada ya Baba, watoto wa ndugu wawili. Alipokufa familia zikakosana juu ya mazishi, na mtoto akapotelea huko. Derrick ni ndugu yako.

Nilipiga simu ya Baba. Akaniweka kwa spika kama kawaida. Mama akasalimu, wewe ukasalimu, na mimi nikauliza kama mmepalilia maharagwe. Ningesema nini, na Baba anasikia? Angedhani mabaya ambayo hamjafanya.

Achana naye polepole, tafadhali. Bilha ana homa, hajapita sokoni, na sijui barua hii utaipata lini. Kila mtu mwenye gunia akipita nje ya saluni natoka kuangalia kama ni yeye.

Dada yako,
Agneta

Misikhu, 11 Agosti 2024

Dada,

Habari. Sisi wazima, watu wote ni wazima. Barua yako imefika leo. Derrick alifika Alhamisi.

Nilikuwa nakamua. Nikasikia chinyimba, zile njuga wanazopiga vijana wakialika watu kwa kutahiriwa, na nyimbo zikikaribia lango letu. Nikaitambua sauti yake. Dada, nilidhani amekuja kwa ajili yangu! Niliacha ng'ombe, nikakimbia, nikacheza mbele yake. Yeye alikuwa ameambiwa tu kwamba anapelekwa kwa khocha, mjomba wake. Akaniangalia, akaangalia nyumba, akaniangalia tena, na mikono ikasahau njuga.

Mzee aliyemleta akasema, "Huyu ni mtoto wa Linet."

Baba alilia. Baba yetu! Akamkumbatia, akasema dada yake amerudi. Akachinja fahali, akamvisha ile nyama ya kifua shingoni kama mjomba anavyopaswa, na wanawake wakapiga vigelegele. Mama akaniita, "Nabwile, njoo umsalimu ndugu yako." Nikampa mkono.

Alfajiri, wakati wa kutahiriwa, nilisimamishwa mbele, pamoja na dada zake. Hakupepesa jicho, kama alivyoahidi. Mimi nilifumba macho yangu.

Kila mtu hapa ana furaha. Siwezi hata kulia, kwa sababu nitaulizwa nalia nini. Nifanye nini?

Mdogo wako,
Nabwile

Kitale, 14 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Woiye, pole. Pole sana. Hakuna aliyekosea, ndiyo maana sina wa kumkasirikia. Nimemwomba tajiri wa saluni ruhusa nije, amekataa, ati Agosti vichwa vya sherehe ni vingi.

Dawa sina, Nabwile. Ningekuwa hapo ningekusuka matuta madogo madogo, yale ya kuumiza, upate sababu ya kulia mbele za watu.

Dada yako,
Agneta

Misikhu, 25 Agosti 2024

Dada Agneta,

Natumai u mzima. Sisi wazima.

Jana Baba alinituma nimpelekee Derrick maziwa. Nilimkuta amekaa nje na shuka lake, amekonda kidogo. Akapokea kwa mikono miwili, akatazama chini, akasema, "Asante, dada." Hilo neno dada alilisema kama mtu anayeonja dawa. Nikamwambia karibu.

Nikarudi, nikamwomba Mama anisuke matuta madogo madogo. Alishangaa, maana unajua ninavyoogopa kusukwa. Alipofika kisogoni nililia, dada, nililia mpaka akasema basi, atalegeza. Nikamwambia asilegeze, akaze.

Kesho shule inafunguliwa. Derrick akipona atarudi kwaya, na sauti ya tatu husimama nyuma yetu. Nitakuwa namsikia tu.

Wewe umekuwa dada tangu nizaliwe. Sijui nani alikufundisha. Nifundishe na mimi.

Dada yake Derrick,
Nabwile