Alumini Imekubali

Alhamisi, Bilele

Na bado nina hasira. Mwalimu wa kemia amenikosoa tena ubaoni, darasa zima likacheka. Ilikuwa kusawazisha mlinganyo wa alumini na asidi ya hidrokloriki. Klorini zilipungua upande wa kushoto, nikaipachika asidi namba ndogo pale chini, zikalingana.

"Hiyo ya chini haiguswi!" akasema. "Umetengeneza kitu ambacho hakipo duniani."

Kesho ni mtihani. Nikikosa kemia, uuguzi nausahau.

Jioni nilikuwa namenya ndizi na mama. Shangazi akaingia kutoka Muleba na watu wake wote.

"Koku, hazitoshi," mama akasema. "Leta chane nyingine."

Nikabaki na kisu mkononi. Hakuna anayebandika ndizi kwenye chane ili itoshe! Chane inabaki ilivyoota, unaongeza chane.

Nikakimbilia daftari. Namba mbele tu: alumini mbili, asidi sita. Upande wa pili kloridi mbili za alumini, na haidrojeni jozi tatu. Nimehesabu, nikarudia. Zimelingana.

Karatasi imejaa madoa ya utomvu, lakini namba za chini sijazigusa. Kesho mwalimu alete hata zinki.