Shati la Pembe Kumi na Tatu

Jumamosi, tarehe 5, mwezi wa kumi

Itangazwe kwa nyumba yote, yaani kwangu mimi, kwa kuku na kwa mashini ya kushonea: kuanzia asubuhi ya leo redio ya hapa inasikia tena. Antena yake ilivunjika zamani. Nimeiwekea ubavu wa mwavuli. Sherehe hazikufanyika. Mke wangu, Mama Zaina, alikuwa anafunga mzigo.

Anakwenda Wamaza, kwao, kwa dada yake, Mama Feza. Huyo dada alianguka akitoka shambani, mguu umevimba. Nilitaka mke wangu asikilize kipindi cha sayansi kwanza, ndipo apande piki. Niko namna hiyo. Shule niliiacha mapema, redio ikachukua kazi.

Leo walisema juu ya umbo moja. Ukilipanga chini kama vigae, linajaza sakafu yote bila tundu. Na hata uende mpaka mwisho wa dunia, mpango wake haujirudii. Watu wa hesabu walilitafuta miaka mingi. Aliyeliona wa kwanza hakuwa profesa. Mzee tu, amestaafu, anapenda kuchezea maumbo. Nilifurahi kama vile ni ndugu yangu.

Nikamwita aje asikie. Akasema, huku anakaza kamba ya mzigo: "Kitu chenye hakijirudie? Basi hakikutoka mu hii nyumba. Hapa kila siku iko ileile."

Akapanda piki. Hakugeuka kuniangalia. Labda ni mzigo ulimzuia.

Jumapili, tarehe 6

Nimepika wali. Chini umeungua, juu mbichi. Sayansi bado haijalifikia jambo hili.

Zaina, binti yetu aliye Kindu, amenitumia picha ya lile umbo kwenye simu. Wenyewe wanaliita kofia. Mimi ni fundi wa nguo. Kofia naijua, shati nalijua. Hili ni shati. Mikono mifupi, limelala upande, pembe kumi na tatu. Wangeniuliza.

Maneno ya jana hayajanitoka. Kila siku iko ileile. Si uongo. Ndiyo maana yanauma.

Nimeamua. Nitamshonea shuka la mashati haya. Nguo isiyojirudia. Akirudi atalikuta kitandani. Atasema nini, sijui. Hilo peke yake ni jambo jipya.

Jumatano, tarehe 9

Hasara. Nilikata vipande sawasawa na picha, nikasahau nafasi ya mshono. Fundi wa umri wangu. Baada ya kushona, kila shati lilikuwa limekonda upande wake, hakuna lililokubali jirani. Nimefumua yote.

Tena kuna jambo la pili. Mashati mengi yanalala upande mmoja, lakini hapa na pale moja lazima ligeuzwe, mgongo juu. Bila huyo mmoja aliyegeuka, wengine hawapatani. Sasa kikwembe, yaani kitenge, cha bei rahisi kina rangi upande mmoja tu. Ukikigeuza kinafifia kama mtu aliyetoka kwenye homa. Inatakiwa waksi ya kweli, ile ambayo rangi inapita mpaka nyuma.

Waksi ya kweli ninayo. Kila nguo niliyomshonea Mama Zaina tangu tuoane iliacha kipande, na sikutupa hata kimoja. Viko ndani ya kifuko, chini ya mashini. Yeye anafikiri ni vitambaa vya kufutia mafuta.

Ijumaa, tarehe 11

Msikitini. Baada ya swala niliwaeleza wazee habari niliyoisikia: kwamba wachunguzi wa siku hizi wameangalia kuta za misikiti ya zamani, kule Uajemi, wakakuta mafundi wa vigae walikaribia sana hesabu hizi za mpango usiojirudia, karne nyingi kabla ya maprofesa. Wengine wanabisha, lakini kuta zipo.

Mzee Ramazani, muuza chumvi, akasema: "Sisi Waislamu tulijua tangu zamani."

"Nani, wewe?"

"Sikusema mimi. Nimesema sisi."

Tulicheka. Kisha akauliza Mama Zaina anarudi lini. Nikasema bado kidogo. Nilisema haraka mno. Akaniangalia.

Jumamosi, tarehe 12

Simu ya Wamaza haipiti. Hakuna rezo. Nimejaribu mpaka simu ikaomba kupumzika.

Redio leo ilikuwa ya fizikia. Wanazo saa zinazopima wakati kwa usahihi wa ajabu. Wamehakikisha kwamba ukiwa juu, wakati unakimbia zaidi. Chini, unatembea polepole. Hata tofauti ndogo kama unene wa kucha, saa hizo zinaiona.

Kabambare, upande wa Wamaza, iko juu kuliko hapa kwetu Kasongo. Kwa hiyo Mama Zaina anazeeka haraka kuliko mimi huko vilimani. Ni kidogo sana, walisema, mtu hawezi kukisikia. Mimi nimekisikia.

Kona za ndani za shati zinasumbua. Lazima uzichane kidogo kwa ncha ya mkasi, la sivyo nguo inajikunja uso. Nimeanza kuzielewa.

Jumatano, tarehe 16

Leo siku mbaya.

Mwenye piki anayefanya njia ya Wamaza alisimama mlangoni. Hakuzima hata injini.

"Papa fundi, mama anasema umutumie nguo zake."

"Zote?"

"Ye alisema nguo. Mimi sikuuliza hesabu."

"Hakusema kingine?"

"Alisema. Lakini njia iko mubaya, papa. Maneno mengine yalianguka."

Hapa kwetu hakuna asiyejua maana yake. Mke akienda kwao na kifurushi, ameenda kusalimia. Akiagiza nguo zilizobaki, amekwenda kabisa. Hakuna haja ya mashahidi. Sanduku tupu ndilo linasema.

Nimemwambia ufunguo wa sanduku lake umepotea. Ulikuwa shingoni mwangu, ndani ya shati. Akaondoka na mikono mitupu.

Sikula. Naogopa. Nimeandika na sasa naliona: naogopa.

Alhamisi, tarehe 17

Nimeshona kutwa nzima. Gauni za wateja zinangoja. Zingoje.

Kila kipande nakijua. Cha njano ni cha Idi ile alipokuwa na mimba. Cha buluu ni cha arusi ya mdogo wake. Hiki chenye mikia ya ndege hakikumpendeza, alikivaa mara moja tu ili nisihuzunike. Nilijua. Sikusema.

Najiuliza ni mangapi yeye anayajua juu yangu na hakusema.

Jumamosi, tarehe 19

Kipindi cha bahari. Hatuna bahari hapa, tuna mto Lualaba. Neno pweza tunalo, lilikuja na babu zetu waliotoka pwani na misafara. Mnyama mwenyewe hakuja. Leo nimemfahamu.

Kuna pweza mmoja wa kilindini, gizani, kwenye maji ya baridi. Wachunguzi walimkuta amekalia mayai yake kwenye mwamba. Wakarudi baadaye, wakamkuta. Wakarudi tena. Zaidi ya miaka minne mama huyo hakuondoka mahali pale. Hawakumwona akila. Rangi ikamtoka, ngozi ikalegea. Mara ya mwisho walikuta maganda matupu, na yeye hayupo.

Nikazima redio. Ilikuwa bado inasema.

Nimekuwa nikifikiri kwamba Mama Zaina amekaa kule kwa hasira. Labda amekaa kwa sababu kuna mtu wa kukaliwa. Labda yote mawili. Kwa vyovyote, mimi ninafanya nini hapa na shuka?

Jumapili, tarehe 20

Nimemweleza Mzee Ramazani. Nilisema ni habari ya mtu fulani. Akaniacha nimalize, akasema: "Mwambie huyo mutu fulani, asiende kwa wakwe mikono mitupu."

Desturi ni jogoo. Mume anayefuata mke kwao anampeleka jogoo kwa shemeji zake, anakaa nje, anangoja aitwe. Nimenunua jogoo mwekundu. Ana macho ya mtoza ushuru.

Shuka halijaisha. Linafika magotini. Nitalibeba hivyohivyo.

Jumatatu, tarehe 21. Wamaza

Njia ni tope tupu. Tulishuka kusukuma piki zaidi ya tulivyoipanda. Jogoo peke yake ndiye aliyesafiri kama mtu mkubwa.

Shemeji yangu Kalonda, mdogo wa mke wangu, alikuwa uani.

"Ee shemeji! Kumbe njia ya huku unaijua? Tulizani mashini ilikula miguu yako."

"Nimekuja kuona mgonjwa."

"Na huyu jogoo?"

"Naye amekuja kuona mgonjwa."

Akampokea. Uso mzito kama wa hakimu. Akanionyesha gogo la kukalia, nje. Nikakaa. Muda si mfupi nikanusa supu. Jogoo hakuonana na mgonjwa.

Mama Zaina alitoka kumwaga maji. Akaniona. Alisimama na beseni mkononi. Amekonda. Alikuwa amevaa blauzi ya dada yake, pana, inashuka bega moja. Nikafahamu: ameshakuwa mtu wa huku, hata mavazi.

Akasema: "Umekula?"

Nikasema ndiyo. Sikuwa nimekula. Akaniletea bugali na paja la jogoo.

Jumanne, tarehe 22. Wamaza

Niliitwa ndani. Mama Feza yuko mkekani, mguu umefungwa majani. Anaanza kukanyaga, kwa fimbo. Usiku mke wangu anamgeuza, mchana anamwosha. Mikono yake imepasuka. Nikaona haya kwa yote niliyoyafikiri.

Nikafungua shuka, nikalitandika juu ya miguu ya mgonjwa. Sikujua nifanye nini kingine.

Mama Zaina akainama. Kidole chake kikaanza kutembea. "Hii ni ya Idi ile." Kikasogea. "Hii ni ya arusi." Kikasimama. "Na hii ya ndege, uliiweka ya nini? Ilikuwa mubaya."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Dada yake akacheka mpaka akashika mguu.

Nikaeleza. Umbo moja tu, limepangwa, halijirudii. Mama Zaina aliangalia kwa muda mrefu, kwa jicho lile analochagulia mchele. Kisha akasema: "Angalia hapa. Mashati haya matatu, namna yamekaa. Na kule, vilevile. Si ulisema hakijirudie?"

Basi ikabidi niseme lile nililolificha. Redio ilisema mwishoni kabisa, mimi nikajifanya sikusikia: sehemu yoyote ndogo ya mpango utaikuta tena mahali pengine, na tena, bila mwisho. Ni nguo nzima tu ambayo, ukiisogeza, hailali sawasawa juu ya yenyewe. Nilisema na sauti ikawa ndogo. Nimekuja safari yote hii na kitu kinachojirudia.

Akasema: "Basi ni kama weye."

"Kama mimi namna gani?"

"Hadisi zako zote nazijua. Lakini kila asubuhi sijui utaanza na ipi."

Nikainama kunyoosha shuka ambalo halikujikunja.

Nilimuuliza baadaye, tukiwa nje, kama anarudi. Sikuweka hata alama ya swali, nilisema tu: unarudi. Akasema, dada akiweza kufika jikoni peke yake.

Alhamisi, tarehe 24. Wamaza

Mama Feza amefika jikoni peke yake. Amekwenda na fimbo, anatukana kila hatua. Alipofika akaomba kiti na akaanza kuhukumu mboga ya sombe waliyopika wengine. Mzima.

Shuka hakulirudisha. Alilikunja akalilalia. Nikasema halijaisha, akasema hata yeye hajaisha.

Kalonda amenishika mkono kwa nguvu sana: "Shemeji, ukija tena, jogoo kama yule."

Ijumaa, tarehe 25. Kasongo

Tumefika mchana, tope mpaka kiunoni. Mama Zaina amefagia, amekagua sufuria yangu ya wali, hakusema kitu. Amesema na kuku zaidi.

Nimefungua sanduku mbele yake. Nguo zake zote zimo, zimekunjwa kama alivyoziacha. Akatoa kikwembe kimoja, akakinusa, akajifunga.

Niko kwenye mashini. Yeye yuko mlangoni, anachambua mchele. Mguu wangu unakanyaga polepole ili nimsikie.

Mwisho nikamuuliza kwa nini aliagiza nguo.

Akasema kule mvua ilikaa juma zima. Zile alizobeba zilikuwa hazikauki.