Turbo na Konvata Vimepatana, Mwaitu

Ijumaa, mwezi wa pili.
Leo nina miaka mitatu na miezi minne tangu nitoke Tseikuru.

Kwako Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, na Mungu wetu nimemshukuru kabla ya kushika kalamu. Magoti yanaendeleaje? Dada Kamene aliniambia yalikusumbua wakati wa kupura ndengu, na kwamba ulikataa kukaa chini watu wengine wakipura. Mbuzi wamepata maji? Mimi ni mzima. Nimechoka, lakini uchovu si ugonjwa.

Naandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu wewe hupiga kelele kama mtu anayeita ng'ambo ya mto, halafu mtandao unakatika kabla hujamaliza kuuliza kama nimekula. Nimekula. Barua hii nampa Mwende, msichana wa Kyuso anayefanya kazi ya nyumba mtaa wa pili, ambaye anarudi nyumbani wiki hii. Kamene akija kukuona akusomee polepole. Ina mambo ya injini, lakini wewe utayaelewa kuliko yeye.

Unajua nililetwa huku kwa Waarabu kuchunga ngamia. Mwaka wa kwanza sikukwambia ukweli wote. Nilikaa jangwani peke yangu, kibanda cha mabati, maji yakiletwa na lori mara moja kwa wiki, na kama lori limechelewa nagawana na ngamia. Likizo haikuwapo, maana hakukuwa na mtu wa kunishikia kazi. Halafu Fahad, mtoto wa tajiri wangu, akahitaji mtu wa kufagia gereji yake mjini na kuosha vipuri, akanichukua mimi. Nililala chini ya paa lenye feni, nikalia kama mtoto. Tangu siku hiyo sala yangu imekuwa moja tu: nisirudishwe kwa ngamia.

Sasa sikiliza hiyo gereji ni ya nini. Fahad ana gari la mashindano. Magari mawili yanasimama sambamba, taa ikiwaka kijani yanatoka mbio kwa barabara iliyonyooka, na kabla hujahesabu hadi kumi yamefika. Basi, yamekwisha. Watu wazima, Mwaitu, na ndevu zao. Lakini ndiyo kazi yangu, na mshindi hupatikana pale mwanzoni, kwenye kuondoka.

Gari la Fahad lilikuwa halijui kuondoka. Lilishindwa mara ya kwanza, akanunua turbo kubwa zaidi. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa ndani, injini ipate nguvu. Akafunga hiyo kubwa, gari likawa zito zaidi kuondoka kuliko mwanzo. Baba yake akaja gerejini, hata chai hakunywa. Alisema wote tukisikia: "Msimu huu ukiisha hivi, nafunga mahali hapa. Gari linauzwa, na huyu," akaninyooshea kidole bila jina, "anarudi kwa ngamia." Yalikuwa yamebaki mashindano mawili.

Kazi yangu kwenye mashindano ni kumwaga maji chini ya tairi za nyuma na kuzipangusa, kwa hiyo nasimama karibu kuliko wote. Dereva anakanyaga breki na mafuta pamoja, injini inanguruma, anangoja taa. Siku tuliyoshindwa na ile turbo kubwa nilisikia injini inapanda kidogo halafu inakwama, kama mtu aliyebeba gunia akiwa bado amechuchumaa. Filimbi ya turbo haikulia. Ilikuja kulia gari likiwa limeshaachwa katikati ya barabara.

Mwaitu, niliijua sauti ile. Ni sauti ya kisiagi chetu cha kusaga unga siku niliyomwaga mahindi kabla injini haijashika mwendo, ikakohoa, ikafa, akina mama kwenye foleni wakacheka, na wewe ukanipiga kofi la shingo ukasema, "Iache ipumue kwanza, ndipo uipe kazi." Na ile siku nyingine nilipokaza mkanda mpaka hendeli ya kuwashia ikakataa kuzunguka.

Kati ya injini na gia za gari lile hakuna mkanda, kuna kitu kinaitwa konvata. Fikiria sufuria mbili zimefunikwa mdomo kwa mdomo, ndani mna mafuta na mapanga kama ya feni. Injini inakoroga mafuta, mafuta yanasukuma gia. Konvata iliyokaza inashika mapema, injini haipati nafasi ya kupanda, moshi unakuwa mdogo, na turbo kubwa inabaki imelala. Iliyolegea inaiacha injini ipande hadi turbo iamke.

Siku mbili niliendelea kufagia. Nani anamwuliza mfagiaji? Siku ya tatu nilisema, mbele ya Munir, mzee wa Kipakistani anayeshughulikia gia, na Hamdi, fundi wa injini ambaye mdomo wake haujui Jumapili.

"Turbo haina shida," nikasema. "Konvata imekaza."

Hamdi akaweka spana chini. "Jamani, mchunga ngamia ameamka fundi! Umesomea wapi?"

"Kwa mama yangu. Ana kisiagi cha unga."

"Mama yake! Fahad, kata tiketi, tumlete mama yake!"

Wakacheka. Munir hakucheka. Aliniuliza injini ilikwama mshale wa mizunguko ukiwa wapi, nikamwambia niliuona dirishani umekwama kwenye tatu. Akasema turbo ile haiamki kabla ya nne na nusu. Halafu akamwambia Fahad, "Huyu ana masikio. Konvata hii ilikuwa ya turbo ndogo. Umebadilisha moja, umesahau nyingine."

Hapo nilifanya kosa langu, nalisema wazi. Kwenye rafu kulikuwa na konvata mbili za zamani, na Fahad akaniuliza kwa mzaha, "Mama wa mashine angechagua ipi?" Kichwa kilikuwa kimevimba. Nikaonyesha ile iliyolegea kabisa. Munir akasema tuijaribu kwanza, Fahad hakutaka kungoja.

Mashindano yakafika. Injini ikapanda vizuri, turbo ikalia filimbi mapema, nikaruka kwa furaha na ndoo yangu. Taa ikawaka kijani, na gari likabaki linaogelea. Kelele nyingi, mwendo hakuna. Lilirudi mafuta yakinuka kuungua, na mimi nikakumbuka mkanda uliolegea ulivyokuwa ukinuka, na wewe ukiubonyeza kwa kidole gumba kujua kiasi. Kiasi ndicho nilichosahau.

Hamdi akaniambia, "Kunja blanketi lako, ngamia wanakuuliza."

Usiku huo kweli nililikunja. Asubuhi nilimkuta Munir amekwisha fungua ile konvata mezani, maana za mashindano hufungwa kwa bolti, hazichomelewi. Alisema, "Kosa lako ni la mtu anayefuata njia sahihi akapita nyumba. Shika hapa." Tulifanya kazi siku mbili. Akabadilisha kipande cha katikati chenye mapanga, akafunga, tukajaribu uani gari likiwa limefungwa mnyororo, akafungua tena. Alinifanya nifumbe macho nisikilize. Mara ya tatu injini ikapanda, filimbi ikalia, na hapo hapo mnyororo ukakaza ndi. Pamoja, Mwaitu. Turbo inaamka na konvata inashika kwa wakati mmoja. Nikamwambia, "Mama angemwaga mahindi sasa." Munir akazima injini.

Mashindano ya mwisho yalikuwa Jumanne iliyopita, jioni, na tajiri mwenyewe alikuja. Kwa woga nilimtazama yeye badala ya tairi, maji nikayamwagia viatu vya Hamdi. Hata hakutukana, naye aliogopa. Taa ikawaka, na gari likaondoka mbele ikiinuka kama dume la mbuzi. Lile la pili lilikula vumbi. Tulishinda raundi hiyo, tukashinda iliyofuata, ya tatu tukashindwa kidogo sana, lakini tajiri alikuwa ameona. Kesho yake Fahad alinijia nikifagia.

"Gereji inabaki," akasema. "Na wewe si mfagiaji tena, ni msaidizi wa Munir. Sema unataka nini."

"Kwenda nyumbani kumwona mama."

"Mama wa mashine?"

"Huyo huyo."

"Baba atatia sahihi karatasi ya ruhusa. Lakini urudi kabla ya msimu."

Ametia, Mwaitu. Karatasi ninayo. Nimemshukuru Munir, akanikatalia shukrani, akasema nikupelekee wewe. Hamdi amenipa tende mfuko mzima: "Mpe fundi mkuu, umwambie viatu vyangu havijakauka." Nami nakushukuru, kwa kofi na kwa kila gunia. Wakati ule nilidhani unanitesa tu.

Nisalimie Kamene, dada yangu, na mumewe wa Kasikeu anayelima machungwa. Nisalimie mjomba Kilonzo, mnunuzi wa mbuzi Kyuso. Mwambie ngamia nimewajua kuliko yeye alivyowajua mbuzi. Nisalimie mama mchungaji, aliyeniombea siku ya kuondoka mpaka gari likapiga honi, na Abdi wa duka, jirani yetu, aliyenifundisha salamu za Kiarabu. Zilinisaidia kuliko pasipoti.

Nitaondoka hapa Jumatatu ya pili ya mwezi wa nne. Jumanne nitalala Mwingi, na Jumatano, Mungu akipenda, kabla ya saa sita nitakuwa kwenye lango lako, kwa miezi miwili mizima. Jua limenikausha, nimekuwa mweusi na mwembamba kuliko ulivyonijua. Ukiona mtu kama huyo anasita langoni, usimwulize anamtafuta nani.

Ni mimi mwanao,
Musyoka